Ndoo ya Kutemea

3 Februari

Binti wa kaka yangu,

Pokea marahaba yako mapema, maana najua barua yako itaanza na shikamoo na posta haina haraka na mtu. Huku tuko wazima kwa kiwango cha umri wetu. Baba yako anaumwa lile goti alilolichakaza kwa miaka thelathini chini ya masinki ya watu. Tangu astaafu ufundi bomba na kuhamia kwangu, kutwa anazunguka nyumba akitafuta kinachovuja. Hakuna kinachovuja. Amekwisha fungua na kufunga koki zote, hata zilizokuwa nzima, na sasa ya jikoni inafungukia upande usio wake. Jirani wa juu amejifungua salama mtoto wa kike mwenye mapafu ya mwanasiasa. Mimi nimo tu, nagonga taipureta yangu. Mhariri analalamika kwamba wenzangu wote gazetini wanatuma kazi kwa kompyuta. Nikamwambia ndiyo maana wanaandika vile wanavyoandika.

Sasa tuje kwako. Tumekutazama. Kipindi chenu cha Glasi Mbili kilipoanza, mara tu baada ya taarifa ya habari, baba yako alikuwa ameshavaa koti. Ndiyo, koti, sebuleni kwangu, na joto hili. Aliketi wima kana kwamba wewe ndiye unayemtazama. Nilipomwambia avue alisema mtu akitokewa na mwanawe kwenye televisheni hawezi kukaa na fulana.

Unanijua. Kwa miaka ishirini na miwili nimeandika safu ya Kwa Jicho Langu kila Jumamosi, na nimetazama vipindi ambavyo hata waliovitengeneza hawakuvitazama. Nimevumilia mashindano ya upishi ambamo watu wazima wanalilia mchuzi. Nimevumilia Ghorofa ya Saba, tamthilia ambayo tangu ianze hakuna mhusika aliyemaliza sentensi, kwa sababu simu huita au mlango hugongwa. Lakini huu mnaouita utamaduni wa mvinyo umenizidi. Watu wameketi kwenye makochi meupe wanazungusha glasi kama waliodondosha pete ndani. Yule mtangazaji mwenzako wa suti za haradali alisema mvinyo ule una harufu ya kiti cha gari jipya na matunda yaliyokata tamaa. Baba yako akaniuliza ni matunda gani hayo. Nikamwambia ni yale ya kuwatisha watu, ili mtu akiingia hotelini aogope kumwambia mhudumu kwamba kinywaji ni kichungu. Huo ndio utamaduni wenyewe: hofu iliyomiminwa kwenye glasi yenye mguu mrefu.

Kisha wewe ukainama, ukatema. Mara moja, safi, ndani ya ile ndoo ya shaba, ukajipangusa mdomo ukaendelea na sentensi yako. Nilipiga makofi. Ni muda mrefu sijakutana na kitu cha kweli kwenye televisheni kama kutema kule.

Niandikie. Usinipigie simu, kwenye simu unasema "ndiyo shangazi" mara kumi halafu inakatika. Na tumia kalamu nyeusi, herufi kubwa kidogo. Ile ya bluu ya mwezi uliopita ilinichosha, na balbu za siku hizi ni za kubahatisha.

Shangazi yako


1 Machi

Shangazi, shikamoo.

Shikamoo nyingine mpelekee baba, umwambie goti alikande maji ya moto na aache koki za watu. Mwambie pia koti si lazima. Huku niko salama. Nimehamia chumba cha ghorofa ya pili, dirisha linatazamana na ukuta wa kiwanda cha magodoro, kwa hiyo sina la kuchungulia. Nikirudi kazini nawasha televisheni ili kuwe na watu. Ghorofa ya Saba naitazama kila jioni, usinicheke. Nikimsikia mama mkwe wa kule anavyogomba najiona niko kwako.

Najua hamjaelewa nini kazi yangu hasa, maana baba anawaambia watu nauza mvinyo. Siuzi. Kampuni inaagiza kutoka nje, na kabla haijaagiza sisi tunaonja. Chumba chetu ni cheupe chote, meza, kuta, taa. Hakuna marashi, hakuna kahawa, hakuna maua. Tunaanza saa nne asubuhi, wakati mdomo bado ni safi, chupa arobaini, siku nyingine sitini. Unatia kidogo mdomoni, unavuta hewa, unasukutua, unatema, unaandika. Mkuu wetu tunamwita Pua. Siku yangu ya kwanza alinipa ndoo kabla hajanipa kiti. Akasema: "Anayetema anaonja. Anayemeza anakunywa, na mimi siajiri wanywaji." Ndiyo sababu kwetu neno ni moja tu, kuonja. Ukisema umekunywa, wenzako wanageuka kukutazama.

Kuhusu kipindi, kuna badiliko dogo. Watazamaji waliandika kwamba ile ndoo inawaharibia chakula. Mtayarishaji ameiondoa. Anasema nimeze kidogo tu, glasi mbili kwa kipindi, kwani jina la kipindi ni lipi. Tunarekodi vipindi vitatu kwa siku moja, halafu napumzika wiki mbili. Si kitu. Ni kuonja tu.

Nimechoka kidogo, lakini ni uchovu wa kazi. Macho yako vipi? Hii ni kalamu nyeusi kama ulivyoagiza.

Binti yenu


17 Aprili

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Usinihesabie siku. Barua yako ilikaa mezani wiki tatu, si kwa dharau, ni kwamba nilikuwa naisoma polepole kama mtu anayekula samaki wa miiba. Baba yako hajambo. Amegundua unyevu ukutani bafuni na amefurahi sana. Mtoto wa juu amekaza shingo na sasa analia kwa herufi.

Nakutumia safu yangu ya wiki iliyopita, nimeikata gazetini. Nimeisifu Ghorofa ya Saba. Usianguke. Unakumbuka kipindi kile mume anarudi nyumbani na mke ameshapata ile barua? Nilingoja simu iite. Haikuita. Nilingoja muziki wa kinanda, ule wanaoumwaga kila mtu akivuta pumzi. Haukuja. Dakika nne nzima, binti yangu, hakuna neno, hakuna mlango, hakuna kikohozi. Sikuinuka kwenye kiti changu. Nimeandika kwamba hatimaye kuna mtu katika nchi hii ya wapiga kelele amemwamini mtazamaji, kwamba dakika zile nne ni za ushujaa kuliko misimu yote sita, na kwamba anayesema alichoshwa akatazame mashindano ya mchuzi. Mhariri aliipa kichwa cha habari kizuri: "Ukimya Mkuu."

Nimeanza na hilo kwa sababu la pili halinifurahishi.

Tangu waiondoe ndoo, nakusikia. Kile kipaza sauti wanakubandika kwenye kola, karibu kabisa na koo, na mimi televisheni siku hizi naisikiliza kuliko ninavyoitazama, kwa kuwa picha zao zote ni zile zile. Jumapili iliyopita nilihesabu mafunda. Kumi na moja. Glasi mbili za kuonja hazitoi mafunda kumi na moja. Na kufikia nusu ya kipindi neno "zabibu" lilikutoka mara mbili likiwa halijamaliza kuvaa. Mwenzako wa haradali akacheka, wewe ukacheka zaidi yake. Kicheko kile sikijui. Nimekulea likizo zote tangu una miaka sita, nakijua kicheko chako, na kile si chako.

Baba yako hakusikia kitu. Alikuwa anatazama nguo yako.

Wewe mwenyewe umeniambia tofauti ya maneno mawili. Basi nakuuliza kwa maneno yenu: unaonja au unakunywa?

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi, shikamoo.

Baba naye shikamoo. Sijambo. Kipindi kimependwa, wameniambia kutakuwa na msimu wa pili. Kiwanda cha magodoro kimepakwa rangi ya kijani, kwa hiyo sasa natazama ukuta wa kijani.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikakasirika mara zote mbili. Nafanya kazi mwezi mzima ili muone kitu kizuri jioni moja, halafu wewe unakaa unanihesabia mafunda. Kuna shangazi wanaohesabu wajukuu. Kama ungekuwa umesifu hata kola yenyewe ningekusamehe.

Sasa sikiliza na mimi nikuhesabie.

Safu yako imebandikwa kwenye friji ya ofisini kwetu. Si mimi niliyeibandika. Pua aliisoma kwa sauti wakati wa mapumziko, akacheka mpaka akapaliwa, na wote wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu hawajui kwamba Kwa Jicho Langu ni wewe. Kisha nikaenda chooni nikajifungia.

Shangazi, ule haukuwa ukimya mkuu. Mitambo ya kituo iliharibika. Mke alikuwa hajaifungua hata hiyo barua. Skrini iligeuka nyeusi na katikati yakaandikwa maneno meupe, makubwa kama mlango: "Samahani, tuna hitilafu ya mitambo." Yalikaa pale dakika nne. Mtoto wa darasa la kwanza angeyasoma. Wewe uliyetazama televisheni miaka ishirini na miwili, unayeniandikia kuhusu suti ya mtu, hukuyasoma.

Hiyo suti nimeifikiria pia. Tangu Machi hajavaa ya haradali. Anavaa nyeupe. Unaendelea kumwita haradali.

Nami nakuuliza kwa maneno ya kawaida, maana sina mengine: unaona? Na kama huoni, barua hizi nani anakusomea?

Swali lako nitalijibu ukijibu langu.

Binti yenu


11 Juni

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Baba yako anakusalimu, yuko bafuni na ukuta wake.

Mhariri alikwishanipigia kabla ya barua yako. Wasomaji mia mbili na kitu walikuwa wameandika. Nikamwambia ukimya ni ukimya, awe ameutengeneza mwongozaji au fundi umeme aliyelala, na kwamba dakika zile nne bado ni bora kuliko zilizotangulia na zilizofuata. Naamini hivyo mpaka sasa. Akasema nipumzike miezi miwili. Kwa sauti ya upole. Afadhali angenitukana.

Nilikuwa nimesinzia, basi. Nilisikiliza nimefumba macho. Mtu wa umri wangu haruhusiwi kusinzia mbele ya Ghorofa ya Saba? Nimepata miwani mipya, mizito kama vitako vya chupa, na barua yako nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno, mpaka pale penye wajukuu, ambapo umenikosea adabu na nimekusamehe.

Swali lako limejibiwa. Langu bado liko hewani. Sitaki ugomvi tena, nimechoka nao, na unajua nikisema nimechoka na ugomvi hali imekuwa mbaya. Andika tu ukweli hata kama ni mstari mmoja. Nitausoma peke yangu.

Shangazi yako


14 Julai

Shangazi, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara tano. Nne ziko kwenye kikapu.

Nakunywa, shangazi. Nimeliandika neno hilo ili nione linakaaje kwenye karatasi, kwa sababu mdomoni halijawahi kunitoka.

Saa nne asubuhi naanza kama wenzangu. Ndoo ipo pale. Chupa ya kwanza natema, ya pili natema, ya sita nasahau, na nasahau kwa kukusudia. Ubaya wa kazi yangu ni kwamba hakuna anayeweza kunishika. Mtu wa kazi nyingine akinuka mvinyo saa tano asubuhi ataulizwa. Mimi nikinuka, nimefika kazini. Chupa zikishafunguliwa hurudi jikoni zikamwagwe, na mwezi wa pili nilijitolea kuwa mwagaji. Wananishukuru. Pua alinisifu kwenye kikao kwamba sijioni. Nina chupa ya chai, ile ya chuma ya kutunza joto. Haijaona chai tangu Machi.

Usifikiri ni kipindi kilichoniharibu. Ningependa iwe hivyo, ningekuwa na wa kumlaumu. Kipindi kiliniondolea ndoo mbele ya watu, basi. Nyuma ya watu nilikuwa nimeshaiondoa mwenyewe.

Ulikuwa umesikia vizuri. Siku tuliyorekodi kile cha tisa nilisahau jina la mtangazaji mwenzangu, mtu niliyeketi naye miezi mitano. Nikamwita "ndugu mtazamaji." Walidhani ni mzaha mzuri, wakauacha uende hewani. Watu wameniandikia kuusifu.

Jioni nazungumza na Ghorofa ya Saba. Nawajibu. Juzi nilimwomba radhi mama mkwe.

Mkataba wa msimu wa pili uko mezani kwangu. Vipindi ishirini na sita, hakuna ndoo. Wanataka sahihi yangu kabla Agosti haijaisha. Nikisaini, najua nitakavyokuwa mwakani. Nikikataa, watauliza kwa nini, Pua atauliza, na kazi hii ndiyo pekee ninayoijua. Najifunza harufu tangu nina miaka ishirini na mbili. Sijui kitu kingine. Nikitoka chumba hicho cheupe mimi ni nani?

Niambie wewe. Ukisema nisisaini, sitasaini. Sina nguvu ya kuamua, nina nguvu ya kutii tu, na wewe ndiye mtu pekee niliyewahi kumwogopa vya kutosha.

Ombi moja. Usimsomee baba. Anavaa koti. Siwezi kuwa mtu aliyemvua lile koti.

Binti yako


9 Agosti

Binti wa kaka yangu,

Mwandiko huu, kama unavyoona, si wa mashine na si wangu. Mimi nasema, baba yako anaandika. Nimemwambia aandike kila neno na asiongeze lake. (Nimekubali. Baba.)

Marahaba yako. Jirani wa juu amerudi na mtoto wake kutoka kwao. Alikuwa ameondoka tangu mwisho wa Juni. Nakutajia hilo kwanza kwa sababu ndiko kosa lilikoanzia. Barua yako ya Mei aliyenisomea ni yeye, mtoto begani. Sina miwani mipya. Daktari aliniambia tangu Januari kwamba ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba wanaweza kupasua. Nikamwambia nina safu ya kuandika. Ukweli ni kwamba niliogopa kisu, na niliogopa zaidi mhariri ajue. Kufikia Machi televisheni ilikuwa imebaki dirisha linalobadilika rangi. Barua zangu nilizigonga kwa sababu vidole vinajua njia, na nikakudanganya kwa vidole hivyo hivyo.

Barua yako ya Julai ilipofika, jirani hayupo. Nilingoja siku mbili. Nikajiambia utakuwa umekanusha, utakuwa umenitukana kidogo, na matusi yetu baba yako ameyazoea. Nikampa.

Alisomea dirishani, saa kumi alasiri, kwa ile sauti yake ya kusoma maelezo ya pampu ya maji, bila koma. Alipofika "nakunywa, shangazi" nikamwambia basi, inatosha, lete hapa. Akaendelea. Nikanyoosha mkono niikamate karatasi. Niliikosa, nikashika pazia. Akaendelea. Chupa ya chai akaisoma, na mama mkwe, na chumba cheupe. Alipofika "usimsomee baba" akaisoma na hiyo, kwa sauti ile ile, na ya koti pia, mpaka mwisho kabisa. Kisha akaikunja kwa mikunjo uliyoikunja wewe. Nilingoja aseme habari zako. Akaniuliza tangu lini sioni. Nikamwambia tangu Machi. Akasema, "Nyie wawili."

Niombe radhi vipi? Uliniambia siri moja maishani mwako na nikaipokea kwa macho ya mtu mwingine. Kama ningekuwa nimesema "sioni" mwezi wa Mei, ulipouliza waziwazi, usingeandika kama ulivyoandika. (Hapo ameomba maji. Nimengoja. Baba.)

Sasa sikiliza. Mimi ndiye niliyeandika kwamba utamaduni huu ni hofu ndani ya glasi, nikajiona nimemaliza kazi. Nilikuwa nawacheka wanaozungusha. Sikumfikiria anayelipwa kuzungusha. Lile neno lenu, kuonja, nililisifu moyoni, nikaona ni neno la watu makini, kumbe ni pazia. Mtu anaweza kuishi nyuma yake miaka. Mimi na langu la kutazama nimeishi nyuma yake miezi mitano.

Kama sisi tungekuwa tamthilia, hapa mimi ningepasuliwa macho asubuhi na wewe ungevunja chupa jioni, tukakumbatiana kituoni huku kinanda kinapanda. Nimeponda mwisho wa namna hiyo maisha yangu yote, siwezi kukuletea nyumbani kwako. Sina hakika nitaona tena. Sina hakika kwamba ukiukataa mkataba utaacha. Unaweza kuukataa na chupa ya chai ikabaki ilivyo.

Ila umeniuliza, na mimi sijawahi kuulizwa nikakosa jibu. Usisaini. Wakiuliza kwa nini, waambie unakunywa. Mwambie Pua kwanza, na utumie neno hilo, si lile lingine. Ulishaliandika, na hukufa. Unauliza wewe ni nani ukitoka chumba cheupe. Sijui. Na mimi sijui ni nani nikitoka gazetini, wameshanitoa, na bado naamka asubuhi na hasira zangu zote zikiwa nzima.

Nimechoka, mwanangu. Tumegombana mwaka huu kwa akili nyingi sana, na kila mmoja alikuwa anajua la mwenzake.

Shangazi yako


Mimi baba yako naendelea. Shangazi amekwenda kujilaza.

Neno usisaini aliniambia niliandike kwa herufi kubwa. Nimeliandika kawaida. Wewe ni mtu mzima na mkataba ni wako. Lakini mimi naona kama yeye.

Miadi yake ya macho ni tarehe tatu Septemba. Alinikataza kukuambia.

Uliandika nisisomewe. Sikusomewa, nilisoma mwenyewe, kwa hiyo usimkasirikie. Hilo koti nilivaa kwa sababu nilikuwa sijui nifanye nini na mikono. Halina maana nyingine.

Nitafika kwako Jumanne ya tarehe kumi na tisa kwa treni ya mchana. Jirani atakuwa na shangazi yako. Goti linaweza safari. Nitakaa mpaka uchoke nami. Sitasema mengi, unanijua.

Jambo moja. Nilipokuwa kazini nikiitwa kwenye nyumba yenye maji sakafuni, wenyewe walikuwa wanaona aibu. Nikifika nakuta wameshakausha, sakafu inang'aa, wananiandalia chai, na mimi sijui tena bomba limepasuka wapi. Naondoka. Kesho yake wananiita tena, maji yamefika kwenye vitanda.

Najua utasafisha nyumba kwa sababu nakuja. Acha chupa pale zilipo, hata za chini ya kitanda. Acha na ile ya chai ilivyo. Usipanguse.